Kampala hadi Nairobi kwa ndege: dakika 40, dakika 75 au nusu siku?

Ubishi ulianzia Kibuli, mtaa wa hapa Kampala, kwenye kibanda cha mama anayetukaangia rolex asubuhi, ile chapati inayokunjwa na yai. Kijana wa boda alikuwa ameinua simu yake ili kila aliye kwenye foleni aone: Entebbe, uliko uwanja wa ndege wa Kampala, hadi Nairobi kwa ndege, dakika 40. Abiria wake, aliyekuwa akisubiri chapati yake ikunjwe, akacheka. Tiketi ya mdogo wake imeandikwa dakika 75, ameiona kwa macho yake. Mzee wa mitumba akawaambia wote wawili wanapoteza pumzi. Yeye alisafiri mwezi uliopita, akatoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, na adhuhuri ilimkuta bado anatafuta gari la kumpeleka mjini Nairobi. Mama akageuza yai. "Sasa wanangu, nimwamini nani hapa?"

Ningekuwa na ujasiri siku ile ningemwambia awaamini wote. Kila mmoja alikuwa amejibu swali lake. Wa kwanza alijibu ndege inaweza kulimaliza lile anga kwa muda gani, wa pili alijibu shirika la ndege linakuuzia muda gani, na mzee alijibu siku yako itaisha vipi. Maswali ya namna hii yatazidi kadiri Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 linavyokaribia, kwa sababu Uganda, Kenya na Tanzania zilipewa kuliandaa pamoja, na shabiki wa Kampala tayari anapiga hesabu ya mechi ya Nairobi leo na ya Dar es Salaam keshokutwa. Basi tufumbue fundo hili kamba moja baada ya nyingine.

Kilomita zipi?

Umbali wa angani ni mstari mfupi kabisa kati ya sehemu mbili juu ya uso wa dunia, usiojali ziwa, mlima wala mpaka. Umbali wa barabara ni zile kilomita ambazo dashibodi ya gari itazihesabu kweli. Ukipima angani kutoka katikati ya Kampala hadi katikati ya Nairobi unapata kama kilomita 505. Kwa barabara ni kama 660, zikipanda au kushuka kidogo kutegemea umevukia mpaka Busia au Malaba.

Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo umeletewa na Ziwa Victoria. Barabara haikanyagi maji, kwa hiyo inakwenda kwanza Jinja, inavuka Nile, inapita Iganga, na ikishaingia Kenya inaendelea kuupinda mwambao au kupanda milimani kabla ya kuteremkia Nakuru. Ndege inakata juu ya ziwa na kujiendea.

Ukitaka kuona jinsi ziwa linavyowachezea watu, tazama Mwanza. Kutoka Entebbe ni kama kilomita 280 angani, pungufu ya Kigali ambayo ni kama 340. Ila mwambie mtu wa gari kwamba Mwanza ni karibu kuliko Kigali uone atakavyokutazama. Yeye lazima auzunguke upande wote wa magharibi wa ziwa: Masaka, Mutukula, Bukoba, Biharamulo, Geita, kisha avuke daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Akifika, dashibodi imeshasoma zaidi ya mara mbili ya ule mstari wa angani.

Kuna jambo jingine dogo linalowavuruga watu. Tafuta umbali wa uwanja wa Entebbe hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, utakutana na namba tatu: 521, 324 na 281. Zote ni umbali uleule. Ya kwanza ni kilomita. Ya pili ni maili za kawaida, na maili si neno geni kwetu, maana hata ardhi ya mailo, ule umiliki wa ardhi wa Buganda, ilipata jina lake kutokana na maili za mraba za Mkataba wa Buganda wa 1900. Ya tatu ni maili za baharini ambazo marubani na manahodha wanazitumia, na kila moja ni mita 1,852. Kwa hiyo kabla hujabishana na mtu kuhusu namba, mwulize kwanza anapima kwa kipimo gani.

Na wapo wanaoona mchoro wa njia ya ndege kwenye kioo cha kiti, umepinda kama upinde, wakasema rubani anawazungusha. Chukua mpira wa miguu na uzi. Weka ncha moja ya uzi upande huu, ncha nyingine upande ule, uvute mpaka ukaze. Uzi utajilaza kwenye njia fupi kuliko zote. Sasa jaribu kuuchora uzi huo kwenye karatasi bapa: utatoka umepinda. Ndiyo sababu ndege ya kutoka Dubai kwenda Los Angeles hupita karibu na Ncha ya Kaskazini, jambo ambalo ramani ya ukutani haiwezi kukueleza. Sisi hatuuoni mpindo huo sana kwenye safari zetu za jirani. Entebbe iko kama kilomita 5 tu kaskazini mwa ikweta, na karibu na ikweta ramani ya karatasi haidanganyi sana.

Dakika 40 zilipotoka, na zilipokwenda zile nyingine

Ndege ya abiria ya injini za jeti, ikishatulia juu, inakwenda kama kilomita 830 kwa saa, na zile kubwa huzidi kidogo. Gawanya 521 kwa 830, utapata dakika 38. Hapo ndipo simu ya kijana wa boda ilipozitoa dakika zake 40. Hesabu haina kosa. Ila ni hesabu ya ndege ambayo tayari iko angani na tayari imeshika kasi, na ndege ya namna hiyo hakuna mtu aliyewahi kuipanda.

Fikiria taksi ya Mukono, yaani matatu ya kwenda mji ulio nje kidogo ya Kampala. Barabara ikiwa nyeupe inaweza kukimbia kilomita 80 kwa saa, na Mukono ni kama kilomita 21. Dakika 16! Lakini taksi lazima kwanza ijae pakini, ijikwamue kwenye msongamano wa kutokea, isimame Nakawa, Banda, Kireka na Bweyogerere, konda abishane na mama mmoja juu ya chenji, ndipo ufike. Ule mwendo wa 80 umeupata kwa vipande tu. Ndege nayo ina pakini yake na ina Nakawa yake.

Kwa hiyo zipo saa mbili tofauti zinazopimwa. Muda wa angani huanza magurudumu yanapoacha ardhi na huishia yanapoigusa tena. Muda wa ratiba, huu ulioandikwa kwenye tiketi, huanza ndege inaposukumwa kutoka maegesho yake na huishia inapoegeshwa upande wa pili na magurudumu kuwekewa vigingi.

Nenda nayo Nairobi uone. Mlango unafungwa, trekta inaisukuma ndege kinyumenyume, injini zinawashwa, kisha ndege inaanza kutambaa kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia. Kama dakika kumi zimeshapita na bado unaiona nyasi ya Entebbe dirishani. Njia kuu ya kurukia pale ina urefu wa mita 3,658 na imelala karibu kaskazini-kusini, na Nairobi iko mashariki. Ndege hupaa kwa kuukabili upepo, iwe upepo huo unatoka upande unaokwenda au hautoki. Basi inaruka kuelekea inakolazimika, ndipo inakata kona. Ikiwa bado chini ya futi 10,000 kanuni ya kawaida haiiruhusu kuzidi kama kilomita 460 kwa saa. Kupanda hadi juu kunakula robo saa au zaidi. Hapo wahudumu wanakimbia na juisi kama wanaofukuzwa, na wana haki, kwa sababu muda wa ndege kutulia juu ni mfupi mno. Ikibakiza kama kilomita 150 rubani anaanza kuteremka.

Upande wa Nairobi nako kuna foleni. Kuna ndege ya Mombasa, kuna ya mizigo, kuna iliyotoka Ulaya usiku kucha, na waongozaji wa anga wanazipanga moja nyuma ya nyingine. Upepo wa pale mara nyingi unatoka upande wa mashariki, kwa hiyo ndege yako iliyotoka magharibi inapangwa vizuri na kupewa mstari wa kutulia kabla ya kutua. Kisha inatambaa tena hadi maegesho. Jumlisha hayo yote, dakika 75 unaziona zilipokwenda.

Juu yake kuna dakika za akiba. Mashirika ya ndege yanajua kwamba siku nyingine kuna mvua na siku nyingine kuna foleni, kwa hiyo ratiba inatiwa chumvi kidogo. Ndege ikifika dakika kumi kabla ya muda, abiria wanapiga makofi wakidhani rubani alikanyaga mafuta. Mara nyingi hakuna aliyekanyaga kitu, ile akiba tu haikutumika. Kadhalika ikichelewa kuondoka, usitegemee sana kwamba "atafidia angani". Tuseme rubani ameongeza mwendo kwa asilimia tano, na hata hizo zinakula mafuta. Kwenye dakika 35 za kuelekea Nairobi ameokoa chini ya dakika mbili.

Kutokana na haya kuna jambo ambalo wengi hawalioni: safari fupi ndiyo yenye mwendo mdogo. Kilomita 521 kwa dakika 75 ni wastani wa kilomita 417 kwa saa, nusu tu ya kasi ya ndege. Dubai ni kama kilomita 3,730 kutoka Entebbe, na safari yake ni masaa matano na robo hivi. Hapo wastani umeruka hadi 710. Mambo ya kusukumwa, kutambaa, kupanda na kupanga foleni yanakaribia kuwa yaleyale, uende Nairobi au uende mbali, ila kwenye safari ndefu yanamezwa na masaa mengi ya kutulia juu. Ndiyo maana huwezi kuchukua muda wa Nairobi ukauzidisha mara saba ili upate wa Dubai. Utapata karibu masaa tisa, na utamtisha mtu bure.

(Walimu wa Kiswahili wanisamehe kwa neno masaa. Najua vitabu vinasema wingi wa saa ni saa. Lakini nikiandika kwamba safari ya London ni saa nane na nusu, nusu ya wasomaji watadhani ndege inaondoka mchana baada ya chakula.)

Ndege nayo ni ipi?

Kidepo, kule kaskazini-mashariki kabisa, ni kama kilomita 430 angani kutoka Entebbe. Ni karibu kuliko Nairobi. Hata hivyo watalii wanaokwenda kuona wanyama huko kwa ndege ndogo ya injini moja hutumia saa moja na nusu au zaidi, maana ndege hiyo inakwenda kama kilomita 300 kwa saa na pengine itatua mahali pengine kwanza kushusha wenzao. Umbali haukubadilika, chombo ndicho kilichobadilika.

Kuna mfano mkubwa wa hili katika historia ya Entebbe yenyewe. Februari 6, 1952, mfalme wa Uingereza alifariki huku binti yake akiwa ziarani Kenya. Binti huyo, ambaye sasa alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, aliletwa Entebbe kwa ndege ndogo ili apande ndege kubwa ya kurudi kwao. Mvua ya radi ikamchelewesha uwanjani, wala hakuna atakayeshangaa miongoni mwetu tunaoijua mvua ya ziwa. Aliruka usiku, akatua Libya kuongeza mafuta, na akafika London alasiri ya siku iliyofuata. Ndege ile ilikuwa ya mapangaboi na ndiyo iliyokuwa ya heshima wakati huo. Leo kutoka Entebbe hadi Gatwick, kama kilomita 6,460, ni masaa manane na nusu hadi tisa hivi bila kutua popote. Shirika la Uganda Airlines lilianza safari hiyo Mei 2025.

Hilo neno "bila kutua" lishike vizuri. Wakala akikuambia ndege ni ya moja kwa moja anaweza kuwa na maana kwamba hutabadilisha ndege, huku ndege yenyewe ikitua Kigali kuchukua watu na wewe umekaa kitini unawatazama. Kwenye simu, ukiona safari ya Nairobi imeandikwa masaa saba, ujue umeuziwa njia ya kuzungukia mji mwingine. Uliza inatua mara ngapi, basi.

Upepo, vita, na dunia inayozunguka

Mabaharia wa pwani wana jina la upepo unaokuja usoni: upepo wa mbisho. Chombo kikiupata kinahangaika. Ndege iko vilevile. Ikipata upepo wa kilomita 100 kwa saa usoni, ile kasi yake ya 850 inabaki 750 ukiipima chini ardhini. Upepo huohuo ukiwa mgongoni, inapata 950. Huko juu Ulaya, Marekani na kaskazini mwa Asia kuna mikondo mikali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndiyo inayofanya London hadi New York iwe ndefu kuliko New York hadi London, tofauti ambayo hufikia saa nzima au zaidi. Kwetu hapa karibu na ikweta pepo za juu ni za upole zaidi. Ukiona kwenda Nairobi na kurudi kunatofautiana kwa dakika tano au kumi, usimtafute mchawi.

Sasa kuna maelezo mengine nimeyasikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma: kwamba dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ndege inayokwenda magharibi inafika haraka kwa sababu mji unaifuata. Hapa Uganda uso wa dunia unazunguka kwa kama kilomita 1,670 kwa saa. Kama maelezo hayo yangekuwa kweli, ndege ya kwenda Nairobi, iliyo mashariki, isingefika kamwe, maana Nairobi ingekuwa inaikimbia kwa mwendo mara mbili ya wake. Lakini hewa inazunguka pamoja na dunia. Nzi aliyeingia kwenye taksi ya Masaka anaruka kutoka kiti cha nyuma hadi kwa dereva bila taabu yoyote, taksi ikiwa inakimbia 80. Hewa ya ndani ya taksi inakwenda naye. Ndege ni yule nzi.

Mvua ni hadithi nyingine. Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi zaidi Afrika, hasa usiku, na rubani haingii ndani ya wingu la radi kwa kuwa tu liko kwenye mstari wake. Analizunguka. Siku hiyo kilomita 521 zinaweza kuwa 600.

Na kuna kuzunguka kulikosababishwa na wanadamu. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga ya nchi ile ilifungwa kwa ndege za abiria. Tazama ramani: Sudan imekaa katikati kabisa ya njia ya kutoka kwetu kwenda Misri na Ulaya. Ndege zikalazimika kuipitia pembeni, upande huu au ule, na safari zikarefuka ingawa Entebbe haikusogea wala Cairo haikusogea. Zile tovuti za kupima umbali ziliendelea kutoa namba ileile, kwa sababu zenyewe zinapima uzi kwenye mpira, hazina habari na vita.

Saa ya tiketi na saa yetu

Hapa nina kidonda changu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na tiketi iliyoandikwa Jumamosi, 00:50. Mimi nikaisoma Jumamosi, usiku. Nikala chakula cha jioni na familia siku ya Jumamosi, nikaagana na watu, nikafika Entebbe saa tatu usiku nikiwa nimejipongeza kwa kuwahi. Dada wa kaunta akaitazama ile karatasi, akanitazama, akaitazama tena. "Ssebo," akasema kwa upole ambao sikuustahili, "ndege yako iliondoka usiku wa kuamkia leo." Hakukosea. Saa 00:50 ya Jumamosi ni dakika 50 baada ya usiku wa manane wa kuamkia Jumamosi. Nilipaswa kuwa pale Ijumaa usiku. Nilirudi Kampala na sanduku langu, na nauli ya pili niliilipa mwenyewe.

Wenye Kiswahili tuna bahati ya kuwa na maneno "usiku wa kuamkia", na tunapaswa kuyatumia kila tunapoona tiketi inayoanza na 00, 01, 02 au 03. Tiketi inahesabu siku mpya kuanzia saa sita usiku, ilhali kichwa cha mtu kinahesabu usiku mzima kuwa ni kitu kimoja.

Kuzigeuza saa zenyewe hakuna ugumu. Kiswahili kinahesabu kuanzia jua kuchomoza, na Luganda pia, ndiyo maana Mganda akikuambia ssaawa bbiri za asubuhi mnaelewana bila mkalimani. Tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane. Tofauti ni sita. Ukiona 14:30, toa sita, unapata nane na nusu: saa nane na nusu mchana. Ukiona 20:15, toa sita, toa kumi na mbili ya mchana iliyokwisha, unabaki na saa mbili na robo usiku. Ukiona 02:10, ongeza sita: saa nane na dakika kumi, usiku. Tatizo linakuja pale wakala anaposema kwa mdomo "saa mbili" bila kueleza ni ya nani. Mwambie aandike.

Kisha kuna majira ya nchi. Uganda, Kenya na Tanzania saa zetu ni moja. Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ndege ya Kigali inaweza kuonekana kama imefika karibu na ule wakati ilioondoka, na kurudi kunaonekana kurefu. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. London wako nyuma kwa masaa matatu wakati wao wa baridi na mawili wakati wa kiangazi, maana wao hubadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka na sisi hatubadilishi. Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa majira ya huku na saa ya kufika kwa majira ya kule. Ukitoa moja kwa nyingine bila kukumbuka hilo, umepata muda ambao haupo.

Siku ya mzee wa mitumba

Tumrudie mzee, maana namba yake ndiyo ninayoiamini zaidi.

Kwanza, Entebbe si Kampala. Tiketi inaweza kuandika Kampala, lakini ndege inaruka kutoka Entebbe, kama kilomita 40 kutoka katikati ya jiji. Kwa barabara ya kulipia ni safari nyepesi. Kwa barabara ya zamani, jioni, Mungu anajua. Toka Kibuli ukihesabu saa moja hadi moja na nusu. Pili, kwa safari ya kuvuka mpaka unaambiwa ufike masaa matatu kabla, na hata mwenye begi la mkononi tu hapaswi kujipa chini ya masaa mawili: ukaguzi wa getini, kaunta, uhamiaji, ukaguzi mwingine. Tatu, dakika 75 za ndege. Nne, uhamiaji wa Nairobi na kungoja sanduku, tuseme dakika 45. Tano, kutoka uwanjani kuingia mjini, ambako Nairobi nako wana msongamano wao na hawauoni aibu. Jumlisha, inakaribia masaa saba. Dakika ulizokuwa hewani kweli hazifiki hata saa nzima.

Basi la Kampala hadi Nairobi huchukua masaa 12 hadi 14, ukiweka na kushuka mpakani kugonga mihuri. Kwa hiyo aliyekuambia ndege ni haraka mara kumi kuliko basi alikuwa anapima angani tu. Mlango kwa mlango, ndege ni haraka mara mbili hivi. Ikichelewa masaa mawili kwa ajili ya mvua, pengo linazidi kupungua. Sisemi upande basi. Mgongo wangu mimi hauruhusu tena. Ila mwanafunzi asiye na haraka, anayepanda basi jioni na kulala njiani, hajapoteza siku ya kazi, na pesa iliyobaki itamlisha Nairobi.

Kwa Dar es Salaam mizani inalala upande wa ndege kabisa. Angani ni kama kilomita 1,075, karibu masaa mawili kwa ratiba. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,500, yaani usiku, mchana, na pengine usiku mwingine. Hapo ndege ikikuchukulia hata masaa tisa ya mlango kwa mlango bado imekuokolea siku nzima. Shabiki wa mechi mbili asipige hesabu ya Dar kwa kutumia uzoefu wake wa Nairobi.

Nilirudi kibandani juzi. Mama alinivuta pembeni, akafuta mikono kwa kanga, akatoa simu. Mdogo wake anakwenda Dubai, tiketi imeletwa kwa picha, na yeye ndiye aliyeombwa kutafuta gari la kumpeleka uwanjani. Iliandikwa Jumamosi, 00:35, kufika 06:50. "Masaa sita na robo," akasema, "na kijana wa boda kaniambia ni matano."

Nikamwomba kipande cha gazeti analofungia chapati. Nikamwandikia kwamba masaa ni matano na robo, ile saa nyingine ni ya Dubai iliyo mbele yetu. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: IJUMAA, SAA TATU USIKU, AWE AMESHAFIKA ENTEBBE. Akaisoma, akanitazama.

"Ijumaa? Mimi gari nimelipia la Jumamosi."